Natazama Sikio Lako Nione Uso Wako

Nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba yetu ndiyo iliyoanza. Asubuhi moja, mwishoni mwa mwaka 2020, nilitoka nje na beseni la maji, nikainua macho, nikaiona imepinda katikati kama mtu anayeumwa kiuno. Nikamwita mjukuu wangu: "Hebu nenda uwaambie watu wa umeme waje, hii nguzo itatuangukia." Akaitazama nguzo, akanitazama mimi, akasema, "Bibi, mbona imesimama?" Tukabishana. Nikamwona mtoto hana adabu. Nikatazama nguzo ya pili, nayo imepinda palepale. Ya tatu, vilevile. Hapo nikanyamaza, maana hakuna fundi anayeweza kusimika mtaa mzima nguzo zenye kibiongo kimoja.

Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa hapa Mwanza, wananijua kwa jina la Mama Kulwa. Nina miaka 72, na zaidi ya miaka 30 nimekula na kusomesha kwa dagaa. Anayeandika maneno haya ni huyohuyo mjukuu wa nguzo. Mimi nasema, yeye anabonyeza, na nimemwonya asinipambie Kiswahili.

Mtu wa dagaa anaishi kwa macho. Ukifungua gunia unatakiwa ujue papo hapo: hawa walikaushwa kwenye vichanja, wanang'aa kama fedha, hawa walianikwa mchangani, hawa walinyeshewa wakakaushwa tena, wamekuwa na rangi ya chai. Mnunuzi aliyesafiri kutoka Congo hanunui maneno yako, anakuangalia unavyoangalia. Nilikuwa hodari wa hilo. Sasa nikaanza kukosea. Na kwenye mizani, namba niliyoikazia macho ilitoweka. Nikitupa jicho pembeni, inarudi. Nikiifuata, inakimbia. Nilimtukana mwenye mizani bure, maskini, tena mbele ya wateja wake.

Nilifanya wanachofanya wote. Nikapanda daladala hadi mjini, nikanunua miwani Makoroboi kwenye meza ya machinga, ya elfu tano, yenye fremu nzuri kuliko faida yake. Herufi zilikuwa kubwa, na shimo likawa kubwa pamoja nazo. Dada yangu akaja na majani ya kukamulia machoni, ya mtu mmoja anayemwamini sana. Hayo niliyakataa. Sikuwa na elimu ya macho, ila nilikuwa nimeona mtu akipoteza jicho kwa dawa ya namna hiyo.

Nikaenda zahanati. Kijana aliyenipokea alimulika tochi akasema, "Ni mtoto wa jicho, mama. Bado mchanga, subiri akomae ndipo watakufanyia upasuaji." Basi nikasubiri. Mimi niliyezaa mapacha nikamngoja mtoto huyo miezi saba, kumbe hakuwepo.

Ninayosimulia hapa nimeyajua baadaye, kwa kuuliza maswali mengi hadi madaktari wakachoka. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, unafunika kila kitu, na upasuaji unauondoa. Presha ya macho inakula ugali kutoka pembeni, kama mtu mwenye adabu zake, unakuja kushtuka sahani imebaki katikati tu. Huu ugonjwa wangu hauna adabu. Unachimba katikati ya sahani na kuziacha pembe zote. Daktari aliponitajia jina, "ubovu wa makula unaotokana na umri", nilidhani ananisema nimekula kitu kibaya. Akacheka. Makula ni kidoa kidogo katikati ya retina, ule utando ulio nyuma ya jicho unaopokea picha. Upana wake ni kama milimita 5 tu, lakini kusoma, kutunga sindano, kuhesabu hela na kutambua sura ya mtu vyote vinafanyika hapo. Kwingine kote kwenye retina ni kwa ajili ya kuona kwamba kuna kitu kinapita.

Huyo daktari nilimpata hapahapa Mwanza baada ya binti yangu Kulwa kunikuta namimina chai pembeni ya kikombe. Alinitia matone ya kupanua mboni, mwanga wa mchana ukawa unauma kama pilipili. Kisha akanipa karatasi yenye miraba na nukta katikati. "Funika jicho moja, tazama nukta. Mistari ikoje?" Jicho la kushoto: mistari imenyooka ila kuna wingu dogo karibu na nukta. La kulia: mistari ilikuwa mawimbi, kama ziwa kunapovuma upepo wa jioni, na nukta haipo. Aliandika kitu haraka. Nilijua si kizuri kwa jinsi kalamu ilivyokwenda.

Kuna ugonjwa mkavu na ugonjwa wenye maji. Katika wagonjwa kumi, karibu tisa wana ule mkavu. Chini ya retina yanajikusanya mabaki ya rangi ya njano, wanayaita druseni, na makula inachakaa polepole, kwa miaka. Ule wenye maji ni wa wachache, lakini ndio unaoharibu haraka: mishipa midogo ya damu inaota mahali isipotakiwa, inavuja, na uvujaji huo ndio unaopinda nguzo. Mimi nilikuwa nao wote wawili, mmoja kila jicho. Mama wa mapacha hata kwa magonjwa.

Alitaka nitibiwe haraka. Mwanangu Doto ni muuguzi Dar es Salaam, basi tukaamua niende kwake. Zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, na njia nzima nilikuwa nahesabu nguzo. Kule waliniweka kidevu kwenye mashine wakapiga picha ya retina kama mtu anavyokata mkate ili aone ndani. Daktari wa kike, mdogo kuliko wanangu, akanisalimia shikamoo, akanisogeza karibu kabisa na kioo cha kompyuta: "Mama, huu ni mkeka wako. Unaona ulivyoinuka hapa? Maji yameingia chini yake." Niliona, kwa jicho la pembeni. Ulikuwa umeinuka kama mkeka uliofagiliwa takataka chini yake na mtoto mvivu.

Tiba ni sindano ya jicho. Nawajua watu wanaoishia hapo, wakisikia tu wanarudi nyumbani kufa na macho yao. Nitawaambia ilivyo. Matone ya ganzi, mara tatu nne. Dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, hiyo ndiyo inayowasha kuliko vyote. Kijichuma cha kushikilia kope usifumbe. "Tazama juu kushoto." Sindano nyembamba inaingia kwenye weupe wa jicho, si kwenye mboni. Nilihisi kubonyezwa, basi. Kabla sijamaliza Salamu Maria moja alikuwa amemaliza yeye. Kisha nikaona vipovu vyeusi vikielea, vikaisha kesho yake. Walinionya jambo moja kwa ukali: maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likawa jekundu zaidi na kuona kukashuka siku zinazofuata, usilale nalo, rudi siku hiyohiyo.

Dawa niliyochomwa ni Avastin. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, maana uvimbe nao unajiotesha mishipa ya damu ili ujilishe. Inazuia protini inayoamsha mishipa hiyo. Madaktari wa macho wakaona, kama inazuia huko itazuia na huku. Ipo nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya macho hasa, Lucentis, ya bei kubwa mno. Wamarekani wakazipambanisha, na mwaka 2011 wakatangaza kwamba katika kulinda uwezo wa kuona zinakwenda sawa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka Avastin kwenye orodha ya dawa muhimu. Doto alinieleza hayo yote kwa sababu nilimuuliza kwa nini natiwa dawa ya saratani na mimi sina saratani. Nilitaka kupigana.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na sitaki mjukuu alipunguze.

Ratiba ilikuwa sindano tatu, moja kila mwezi, halafu wapige picha waone kama sindano zinazofuata zinaweza kuachiwa nafasi zaidi. Ya kwanza Agosti 2021, ya pili Septemba. Nilirudi Mwanza, nikatoka nje asubuhi, nguzo imenyooka. Niliishika kwa mkono. Nikamwambia kila aliyepita. Hesabu yangu ikawa ya mfanyabiashara: nauli kwenda na kurudi, siku nne bila biashara, dawa yenyewe, na jicho limepona, ya nini kupeleka hela Dar? Doto alipiga simu. Nikamwambia nina mafua. Akapiga tena, nikamwambia mabasi yamejaa. Oktoba ikapita, na Novemba, na Desemba. Januari niliamka na doa jeusi katikati ya jicho la kulia, kama mtu amedondosha wino. Mishipa ilikuwa imevuja damu. Walinichoma tena mara kadhaa, maji yakakauka, lakini kovu lilikuwa limeshatengenezwa, na kovu haliondoki kwa sindano. Katikati ya jicho langu la kulia hapajarudi.

Sindano ile haing'oi mishipa, inaituliza tu. Dawa ikiisha, inaamka. Wako waliochomwa kwa miaka, wengine kila mwezi, wengine kila baada ya wiki nane, kumi na mbili, kadiri picha inavyosema, na wanasoma magazeti. Niliambiwa hilo, na Doto alinirudia. Nilisikia kama mtu anavyosikia tangazo la redio akiwa anahesabu chenji.

Baada ya sindano moja damu kidogo ilisambaa kwenye weupe wa jicho. Daktari alisema haina madhara, ni kama jeraha dogo la ngozi, itakwisha kwa wiki mbili. Lakini kwetu Usukumani jicho jekundu la bibi kizee si jambo dogo. Kwa miaka mingi, Mwanza, Shinyanga na kwingineko, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi wenyewe ulikuwa macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa kuni na wa samadi katika kuwapikia haohao wanaowatuhumu. Nilikuwa na msiba Magu wiki hiyo. Nilivaa miwani myeusi ndani ya nyumba, usiku, nikala chakula cha msiba nayo usoni. Wakasema Mama Kulwa siku hizi anajiona mtu wa mjini. Nikaona afadhali waseme hivyo.

Ndiyo maana mambo mengine yalipoanza, sikumwambia mtu.

Ilikuwa 2022, msimu wa mvua za masika, na jicho la kushoto nalo lilikuwa limeanza kuchakaa zaidi. Jioni nimekaa sebuleni, ukutani pakatokea maua ya kitenge, yamepangika vizuri kabisa, ya rangi ambazo macho yangu yalikuwa hayazioni tena kwa ukali ule. Yakasogea taratibu kwenda kushoto. Nikafumba macho, nikafumbua, yamekwenda. Kesho yake yakarudi. Wiki ya pili wakaja watoto. Wadogo, urefu wa debe, wamevaa kofia, wamejipanga juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kwetu Kirumba nyumba zimepandishwa juu ya mawe na watoto wanacheza huko siku zote, kwa hiyo mara ya kwanza niliwafokea washuke. Hawakushuka. Hawakusema kitu. Sura zao nilikuwa naziona nyusi kwa nyusi, mimi ambaye sioni sura ya mwanangu.

Nilisali. Nilinyunyiza maji. Nilimtazama paka wangu, kwa kuwa wanasema paka huona. Alikuwa amelala kifudifudi, mmoja wa wale watoto amesimama karibu na mkia wake, wala hakutikisa sikio. Paka ndiye aliyenipa faraja ya kwanza. Lakini nilinyamaza miezi mitano. Fikiria mwenyewe: bibi kizee wa Kisukuma, jicho limewahi kuonekana jekundu, sasa anasema anaona watu wasioonekana. Dada yangu angeleta mganga kabla jua halijazama. Majirani wangemaliza wao wenyewe.

Kulwa ndiye aliyenikamata. Nilikuwa natoka chumbani kwenda jikoni, nikajivuta pembeni sebuleni, nikapita nikiwa nimebana ukuta. "Mama," akasema, "unampisha nani?" Nikasema simpishi mtu. Akasema, "Umempisha mtu." Akakaa chini akaninyamazia, na akinyamaza huyo anashinda. Nikasema yote. Sikumalizia hata nikaanza kulia. Yeye akasema tu, mficha uchi hazai, akachukua simu akampigia mwenzake.

Doto aliuliza kwa daktari, akarudi na jina la mtu: Charles Bonnet, wa Geneva huko Uswisi. Mwaka 1760 aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na akawa anaona wanaume, wanawake, ndege, majengo, akiwa na akili zake timamu. Zaidi ya miaka 260 watu wanalijua hili, na mimi nilikuwa nabana ukuta sebuleni! Sehemu ya ubongo inayozoea kupokea picha inapokosa kuletewa, inachora yake. Watoto wale hawana sauti, hawana harufu, hawanigusi, na mimi ninajua hawapo. Mtu akisikia sauti, au akiamini kabisa kwamba wapo, au akaanza kuchanganyikiwa ghafla, hilo ni jambo jingine na aende hospitali. Langu lilitaka mbinu tu: kupepesa macho, kuyahamisha haraka kushoto na kulia, kuwasha taa, kusimama nikatembea. Kwa wengi hupungua lenyewe. Siku hizi wanakuja mara moja moja. Mmoja mwenye kofia ya njano nimeshamzoea, nikimwona namwambia "mwangaluka", salamu yetu ya Kisukuma, mjukuu anacheka mpaka anakaa chini.

Watu wanaona ajabu kwamba naona sisimizi akitembea ukingoni mwa meza na sikuoni wewe uliyekaa mbele yangu. Niliwahi kuokota pini iliyoanguka sakafuni, kesho yake nikampita shoga yangu wa miaka ishirini sokoni bila salamu. Akasema najifanya. Kwetu kupita bila salamu ni tusi, wala usiseme ulikuwa na mawazo. Nami nilikuwa nawapita wengi. Nilipoona nakosa adabu kwa kunyamaza, nikaamua kumsalimia kila kivuli. Hapo ndipo nilipomwambia mzee wa kanisa, mtu wa miaka 80, "Hujambo mwanangu." Alijibu sijambo. Sijui mpaka leo aliwaza nini.

Basi siku moja nilisimama kwenye meza yangu pale Mwaloni, asubuhi, wakati mitumbwi ya dagaa imeshafika na watu wamejaa, nikasema kwa sauti ya kunadi: "Jamani, macho yangu ya katikati yamekufa. Nikikupita sijakununia. Nisalimie kwa jina lako." Wengine walicheka. Mchukuzi mmoja akapaza, "Shikamoo Mama Kulwa, ni mimi unayenidai!" Soko zima likaanza, na limeendelea. Ninasalimiwa kwa majina, na wengine wanajitaja na kabila na deni.

Kutazama nako nilijifunza upya. Mtaalamu mmoja wa uoni hafifu alinichorea uso wa saa ukutani. Nitazame katikati, halafu nipeleke jicho saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, niseme ni wapi katikati panaonekana vizuri zaidi. Kwangu ni nikitazama juu kidogo kulia. Ndiyo maana nikiongea nawe naonekana namtazama mtu aliye nyuma yako. Natazama sikio lako nione uso wako. Ilichukua wiki nyingi, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, na kichwa kinauma, maana jicho lina mazoea ya miaka sabini ya kukimbilia katikati. Bado sikuoni nyusi. Lakini najua kama umecheka.

Mengine ni ya nyumbani tu. Ngazi zetu za mawe Kulwa amezipaka chokaa ukingoni, kila moja, maana kijivu juu ya kijivu ndiko kunakovunja nyonga. Chai natilia kikombe cheupe, maziwa kikombe cheusi. Taa naiweka karibu na kitabu, si juu darini. Noti zetu zinapishana ukubwa, elfu kumi ndiyo ndefu kuliko zote, kwa hiyo nazikunja kila moja kwa mkunjo wake kabla sijatoka nyumbani, na simpi mtu asiye wangu simu yangu aniandikie namba ya siri, hata awe mpole vipi. Simu yenyewe inanisomea meseji kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka. Na dagaa? Vidole. Mchanga unajulikana kati ya kidole gumba na cha shahada, na dagaa mkavu sawasawa ukimtikisa kwenye sado ana mlio wake. Kijana aliyejaribu kuniuzia gunia lenye unyevu chini alidhani amepata kipofu.

Wananiuliza kuhusu vidonge. Vipo, na si vya kila mtu. Wamarekani walifanya utafiti wao mkubwa wakautangaza 2001: vitamini C na E, zinki na shaba, kwa vipimo vikubwa, vilipunguza kwa karibu robo uwezekano wa ugonjwa kufikia hatua mbaya, kwa wale waliofika hatua ya kati au walioharibikiwa jicho moja. Havimrudishii mtu alichopoteza, wala havimkingi mzima. Fomula ya kwanza ilikuwa na beta-karotini, na hiyo inawaongezea wavutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu. Mwaka 2013 wakatangaza jaribio la kuweka luteini na zeaksanthini mahali pake. Walijaribu na mafuta ya samaki ya vidonge, hayakuongeza kitu. Hapo nilicheka, mimi niliyekula samaki kila siku ya uhai wangu. Nakunywa vile vidonge mkoba ukiruhusu, baada ya daktari kuangalia na dawa zangu za presha. Mchicha, matembele na kisamvu nakula siku zote, hivyo havihitaji kibali. Sigara ndiyo adui mkubwa anayeweza kuachwa. Umri huwezi kuuacha, wala damu ya kwenu. Mama yangu kule Ukerewe alikufa akiwa anapapasa nyuso za wajukuu ili awajue. Tulisema ni uzee. Kwa hiyo Kulwa na Doto, waliovuka hamsini, nimewapeleka wote wawili wakapimwe. Doto alinung'unika kwamba yeye ni muuguzi. Nikamwambia muuguzi naye ana macho.

Jicho la kushoto ndilo nalolilinda sasa, maana ule mkavu unaweza kugeuka wa maji siku yoyote, na nimeshajua bei ya kuchelewa. Mjukuu alikata karatasi kwenye daftari lake la hesabu lenye miraba, ishirini kwenda ishirini, akatia nukta nyeusi katikati, akaibandika ukutani karibu na mtungi. Kila asubuhi navaa miwani ya kusomea, nafunika jicho la kulia, nasimama kama urefu wa rula moja kutoka ukutani. Wingu dogo kulia kwa nukta nalijua, ni la zamani. Natafuta kipya.

Jumanne iliyopita nilikipata. Pembe ya chini, kushoto, mistari miwili imevimba na kugeuka rangi. Nikapepesa, bado. Nikasogea nyuma, nikarudi, bado. Moyo ukaanza. Nilishaanza kuhesabu kichwani: nauli, nani atakaa kwenye meza yangu, Doto yuko zamu gani. Nikamwita mjukuu, "Njoo usome hapa chini, umeona nini?" Akainama.

"Ni chai, bibi. Umerusha chai."

Akalamba kidole akafuta. Mistari ikanyooka.